Mtungi wa oksijeni ndani ya Probox: jibu kwa msomaji wa Mshomoroni

Swali: "Salaam aleikum mzee wangu. Nina Probox ya petroli, injini ya 1,500, nafanya nayo kazi ya abiria Mombasa hadi Kilifi. Mafuta yananimaliza. Shemeji yangu ana karakana ya welding Magongo na mitungi ya oksijeni haimkauki. Anasema hewa tunayovuta ni sehemu moja tu ya tano oksijeni, nne zilizobaki ni mzigo wa bure. Tukivuta mpira kutoka mtungini hadi kwenye chujio la hewa, si gari litapata nguvu maradufu na kula mafuta kidogo? Na kama mtungi ni mzito, je, ile mashine ya hospitali inayotengeneza oksijeni kwa umeme?"

Wa aleikum salaam, mwanangu. Jibu fupi kwanza, isije ikawa mpira mmeshaufunga: msiufunge, na kama umefungwa, ufungueni leo. Sasa jibu refu, kwa sababu shemejiyo hakusema upuuzi. Hesabu yake ya hewa ni sawa kabisa: oksijeni ni asilimia 21, nitrojeni 78, na kilichobaki karibu chote ni agoni. Alipoteleza ni pale aliposema nne zilizobaki ni mzigo wa bure.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayokuuma. Jioni ukipita kwa mchoma mishkaki mtazame mkono wake. Akipepea, makaa yanakuwa mekundu na moto unapanda. Lakini kile kipepeo hakikuongeza kaa hata moja, kimeyafanya yaliyomo yaishe upesi. Hewa haina nguvu ndani yake, nguvu imo kwenye kaa. Na kwako wewe imo kwenye petroli.

Injini yako inapima hewa inayoingia, kisha kompyuta inatia petroli kwa kipimo: kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Kwa kipimo hicho petroli inaungua karibu yote. Hakuna akiba kubwa ya mafuta mabichi inayotoka kwa ekzosi ikisubiri oksijeni ije kuiokoa. Pesa zako zinapotelea kwingine. Ukitia petroli ya shilingi 1,000, ya kama 250 au 300 ndiyo inayogeuka kazi. Iliyobaki ni joto linalotoka kwa rejeta na kwa ekzosi, na oksijeni haina dawa ya hilo.

Ushahidi unao chini ya mguu wako. Ukiwa daraja la Nyali umekwama nyuma ya tuktuk, kile kilango cha hewa kwenye njia ya kuingilia injini kimejifunga karibu chote. Injini inanyimwa hewa kwa makusudi, na hivyo ndivyo gari la petroli linavyoendeshwa polepole. Kama shida ingekuwa upungufu wa oksijeni, ungekanyaga tu na kuipata bure bila kumsumbua shemeji.

Tena kuna kichekesho hapa. Kwenye ekzosi yako pana sensa inayonusa oksijeni iliyobaki baada ya moto. Mkiingiza oksijeni ya mtungi, sensa itaiona imezidi, itaiambia kompyuta kwamba petroli imekuwa haba, na kompyuta itaongeza petroli. Mmeleta oksijeni ipunguze mafuta, gari linaitika kwa kuongeza mafuta.

Sasa nguvu. Hapa shemejiyo ana haki yake. Oksijeni ikiongezeka ndani ya silinda na petroli ikaongezwa kuilingana, nguvu hupanda kweli. Kwa hesabu ya karatasini, silinda ikijazwa oksijeni tupu ingeweza kuchoma petroli mara nne na zaidi ya ile inayochoma sasa. Lakini hesabu ya karatasini haina pistoni ya alumini.

Ndani ya silinda yule anayesukuma pistoni si moto. Ni gesi iliyopashwa joto ikataka nafasi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni nitrojeni. Fikiria mkokoteni pale Kongowea: oksijeni na petroli ndio wanaopika chakula, lakini anayeinamisha mgongo na kusukuma gunia za viazi ni nitrojeni. Yeye ndiye hamali. Haungui, ila anakula lile joto, anatanuka, anasukuma. Mwondoe, kisha upike chakula kilekile: joto ni lilelile, gesi ya kulipokea imebaki kidogo, basi halijoto inapanda kupita kiasi huku msukumo haupandi kwa kadiri hiyo. Linalobaki ni mvuke na kaboni dayoksaidi, nazo zina tabia mbaya kwa kazi hii. Molekuli zake ni za atomu tatu tatu, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya joto hufia ndani kwenye kutikisika na kuzunguka kwa atomu zake badala ya kusukuma. Nitrojeni yenye atomu mbili inalipa vizuri zaidi. Na moto ukikolea mno, molekuli hizo huanza kukatika vipande, zinameza joto jingine tena. Kwa hiyo hata ungekuwa na injini isiyoyeyuka, oksijeni tupu ingekupa kazi kidogo kwa kila lita ya petroli kuliko unavyodhani.

Na injini yako inayeyuka. Gesi ya kupikia ikiungua kwa hewa ya kawaida moto wake hufika kama nyuzi 1,980. Ikiungua kwa oksijeni tupu unapita 2,800. Alumini huyeyuka kwenye 660. Siku zote pistoni inaokolewa na mambo mawili: moto unakaa kufumba na kufumbua, na maji na oili vinaondoa joto kabla halijazama. Kinga hiyo ilipimwa kwa moto wa hewa. Kabla hata pistoni haijatoboka, injini itaanza kunoki, yaani mchanganyiko kujilipukia wenyewe, maana mchanganyiko wenye oksijeni nyingi huwaka kwa joto dogo na moto wake hukimbia. Injini ya Probox ya 1,500 inabana mchanganyiko mara 10 na nusu. Ule mlio wa kama njugu kwenye debe unaousikia ukitia petroli mbovu na kupanda mlima, hapo utakuwa mlio wa nyundo.

Lakini kinachonitisha zaidi si joto. Mwambie shemejiyo akuonyeshe jambo analolifanya kila siku bila kulifikiria. Achukue bamba la chuma, alipashe kwa asetilini mpaka sehemu moja iwe nyekundu iliyoiva, halafu abonyeze ule mkono wa oksijeni ya kukatia. Tazama. Chuma hakiyeyuki tu, kinaungua. Cheche zile zinazomwagika chini ni chuma kinachowaka kama kuni, na ndiyo maana kichwa cha kukatia kinakata bamba nene kama siagi. Sasa wewe unataka kupeleka oksijeni hiyohiyo mahali penye valvu ya ekzosi, ambayo ikifanya kazi ngumu inakuwa nyekundu. Unatengeneza kichwa cha kukatia na kukifungia ndani ya injini yako mwenyewe.

Halafu kuna oili. Niliona hili mara moja nikiwa kijana, kwenye karakana moja ya kando ya maji, na sikuhitaji kuliona mara ya pili. Nati ya geji ilikuwa ngumu. Mwanafunzi wa kazi, kijana mwenye bidii, akachovya kidole kwenye kopo la grisi akaipaka nyuzi za nati ili iteleze. Akafunga, akageuza valvu ya mtungi kwa nguvu moja. Hakukuwa na cheche, hakukuwa na kiberiti. Ulisikika mlio mkavu, kama ubao umepasuka, na mdomo wa geji ukatoka mwali mweupe. Shaba ilitiririka. Kijana alipona kwa sababu alikuwa amesimama ubavuni, si mbele. Grisi na oili vikikutana na oksijeni yenye shinikizo vinaweza kuwaka vyenyewe, na geji za oksijeni huandikwa usitie oili. Sasa hebu niambie mahali palipojaa oili kuliko injini. Kuta za silinda zimepakwa oili, njia ya hewa ina mvuke wa oili unaorudishwa kutoka chini ya injini, na sampu nzima ya oili iko chini. Oksijeni inayopenya ringi za pistoni inashukia humo.

Tuseme mnapuuza yote hayo. Hesabu ya mtungi yenyewe inawakatalia. Lita moja ya petroli inahitaji kilo 2.5 hivi za oksijeni ili iungue yote. Mtungi mkubwa wa lita 50, uliojazwa kwa shinikizo mara 200 la hewa ya kawaida, una kilo 13 na kidogo. Yaani unatosha lita tano za petroli. Probox yako ikienda kilomita 13 kwa lita, mtungi unakufikisha Kilifi, unakupa vipande vichache vya njia ya kurudi, na umekwisha. Chuma chake pekee kina kilo 60 na zaidi, uzito wa abiria mmoja asiyelipa nauli. Kwenda Nairobi ungehitaji mitungi saba au minane, na abiria wangebaki stendi. Wale jamaa wa nitrojeni ambao shemejiyo anawaita mzigo wa bure, kumbe ndio wanaokuja bila mtungi, bila nauli, na bila kubebwa.

Na oksijeni haiokotwi. Kiwanda kikubwa kinachopoza hewa mpaka iwe maji na kuichambua kinatumia karibu robo ya uniti ya umeme kwa kila kilo. Lita yako ya petroli ina uniti kama tisa za joto, injini inatoa kazi ya uniti mbili na kitu, na oksijeni ya kuichoma imekula zaidi ya nusu uniti kabla hujawasha gari. Hiyo ni kama robo ya kazi yote, na bado hatujahesabu kuishindilia mtungini wala lori la kuuleta Magongo.

Utaniuliza: ina maana hakuna aliyewahi? Wamo, tena wengi wao ni watu wa baharini, na sababu yao haikuwa kubana matumizi. Chini ya maji hakuna hewa. Jeshi la maji la Japani, katika miaka ya 1930, lilitengeneza topido aina ya 93 iliyokuwa na injini ya pistoni inayochoma mafuta ya taa kwa oksijeni tupu. Ilikwenda kilomita 20 kwa kasi ya karibu kilomita 90 kwa saa, na kwa kuwa haikuwa na nitrojeni ya kutoa povu, njia yake majini haikuonekana kwa urahisi. Lakini angalia walivyoihangaikia. Mabomba yake yaliondolewa kona kali na kusafishwa mafuta yote. Hawakuthubutu hata kuiwasha kwa oksijeni: ilianzia kwa hewa ya kawaida, kisha oksijeni ikaingizwa polepole, maana walipojaribu kuanza nayo moja kwa moja zililipuka. Na injini hiyo ilitakiwa kuishi dakika chache tu, halafu ijilipue. Wewe unataka yako ifike mwaka ujao.

Warusi nao, katika miaka ya 1950, walikuwa na nyambizi ndogo za mradi wa 615. Dizeli yao ilifanya kazi chini ya maji kwa oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Hawakuilisha injini oksijeni tupu. Walichukua moshi wa injini yenyewe, wakauondoa kaboni dayoksaidi kwa kemikali ya chokaa, wakatia oksijeni, wakaurudisha. Yaani walimtafuta hamali mwingine wa kushika nafasi ya nitrojeni. Hata hivyo mabaharia walizibandika jina la viberiti vya sigara. Septemba 1957 moja yao, M-256, iliungua na kuzama Bahari ya Baltiki, watu 35 wakafa. Waswidi walipokuja na nyambizi za Gotland mwaka 1996 waliutoa moto nje ya silinda kabisa, kwenye injini ya Stirling, na huko nako moshi unarudishwa kuupoza moto wa oksijeni. Mtambo wa umeme wa majaribio wa La Porte, Texas, uliowashwa mwaka 2018, ni hivyohivyo: gesi asilia inaungua kwa oksijeni, lakini kaboni dayoksaidi nyingi inazungushwa humo ndani kufanya kazi ya kusukuma. Unaona mtindo? Kila aliyemfukuza nitrojeni alilazimika kumwajiri mwingine.

Roketi ndizo zinazomeza oksijeni tupu bila haya, na hizo kuta zake hupozwa kwa mafuta yake yenyewe yanayopitishwa ndani ya kuta kabla ya kuungua, tena huungua dakika chache. (Zile zilizokuwa zikirushwa Ngomeni, karibu na Malindi, kama iliyopeleka satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, zilikuwa za mafuta makavu, oksijeni imo ndani ya kemikali. Wazee wa huko bado wanaisimulia.)

Vijana wa mbio watakwambia habari ya nosi, yaani nitrasi oksaidi. Hiyo inafanya kazi, na ukiichunguza inampinga shemejiyo. Ikipata joto kali inavunjika, na katika kila sehemu tatu za gesi inayotoka, moja ni oksijeni na mbili ni nitrojeni. Hewa ya kawaida ni moja kwa tano, nosi ni moja kwa tatu. Hata wanaotaka kasi ya wendawazimu wameleta oksijeni pamoja na hamali wake. Inaingia ikiwa baridi kali, inapoza hewa, na bado wanaoikosea kipimo hutoboa pistoni.

Njia ya akili ya kuongeza oksijeni ilishapatikana. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliipatia hataza mwaka 1905: tumia moshi unaotoka kuzungusha pangaboi, pangaboi lishindilie hewa zaidi ndani. Hiyo ndiyo tabo, na karibu malori yote unayoyaona yakitoka Kilindini kuelekea Mariakani yanayo. Inaleta oksijeni zaidi pamoja na nitrojeni yake, kwa nishati iliyokuwa inatupwa. Usifikirie kuibandika kwenye Probox iliyochoka, gharama yake haitarudi.

Na wewe tayari una bahati ambayo hujaihesabu. Uko usawa wa bahari. Gari hilohilo likipelekwa Nairobi, mita 1,700 juu, linavuta hewa nyepesi. Hata ukikata hasara ya joto letu na unyevu wetu, kila mvuto wa injini hapa pwani unabeba oksijeni kama asilimia 15 zaidi kuliko kule. Madereva wanaoteremka kutoka bara hulisikia gari limechangamka wakifika Mazeras, wakadhani ni mteremko tu.

Mashine ya hospitali. Zile za kawaida zinatoa lita tano kwa dakika. Probox yako ikienda kilomita 80 kwa saa inavuta hewa lita 900 na ushei kila dakika, ndani yake oksijeni kama lita 200. Umeongeza tano juu ya 200, na mashine inakula wati 350 hivi ambazo altaneta itazitoa kwenye petroli ileile. Mwache mgonjwa apumue. Na atakayekuja kukuuzia kile kichupa cha kuchambua maji kiwe gesi kwa umeme wa betri, mpe hesabu hiyohiyo, uone kama atabaki kunywa chai.

Kama mafuta yanakumaliza kweli, fanya haya ya kuchosha. Pima upepo wa magurudumu yakiwa baridi, asubuhi, si baada ya safari. Toa chujio la hewa ulitazame mwangani, barabara yetu ina vumbi. Angalia plagi, na kama gari limepita kilomita nyingi, fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta aitazame ile sensa ya ekzosi, kwani ikichoka hutia petroli ovyo bila gari kulalamika. Breki zisiwe zinashika. Na baina ya Mtwapa na Kilifi jaribu wiki moja kutozidi 80, uandike lita kwenye daftari, halafu uniandikie.

Ule mtungi kama uko garini sasa hivi, valvu ifungwe, geji itolewe, kofia irudi juu ya valvu, madirisha yawe wazi mpaka Magongo. Ukifika, shemejiyo aufunge wima kwa mnyororo ukutani, mbali na kopo la grisi. Na muulize vijana wake wanajipuliza vumbi la ovaroli kwa mpira wa oksijeni au wa kompresa. Nguo ikishanyonya oksijeni, cheche moja ya welding inatosha, na hilo sitaki kulisikia kutoka kwako.